Kipusa wa Kwenye Simu

Tulimwacha Fundi kasimama mlangoni kwa mama yake, mkono bado uko kwenye kitasa. Ndani, mama mtu alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, simu kaikaribisha mdomoni kama anayetaka kuiuma, na alikuwa akisema hivi:

"Nimekutumia na yule wa mwisho, mwanangu. Umempata?"

Simu ikajibu kwa sauti ya mwanamke, laini, ya kubembeleza. Amempata. Mungu amweke mama.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, mambo ni mafupi. Fundi anauza michoro ya kudarizi. Si vitambaa, ni michoro yenyewe. Mama yake alichora ndege kwa penseli, Fundi anageuza mchoro kuwa faili la kompyuta, na mwenye mashine ya kudarizi, popote alipo, analinunua mtandaoni na mashine yake inashona yenyewe. Nyumba ile inakula, inavaa na inatibiwa kwa ndege hao. Lakini miezi ya karibuni ndege wale wale wamekuwa wakiuzwa kwenye duka jingine la mtandaoni, Ua Jekundu, wamebadilishwa rangi, wamegeuzwa kutazama upande wa pili, kwa bei ya kutupa. Wateja wa Fundi wakahama. Naye akamshuku kila mtu: mafundi wa kompyuta, wateja wa zamani, hata Mama Pacha anayeshona naye chumba kimoja.

Kitanda cha mama yake hakukishuku.

Mama hakuficha simu. Alitabasamu kama mtu aliyekutwa na mgeni mzuri.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na nani tena? Na mdogo wako."

Fundi alishika fremu ya mlango. Alikuwa na mdogo mmoja tu maishani. Walimwita Kipusa kwa vile alivyojipenda mbele ya kioo. Kipusa alikufa kwa homa akiwa chuoni, na Fundi alikuwepo kaburini, akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku ile jina hilo halikutajwa tena katika nyumba ile.

Akauliza polepole kama Kipusa hupiga mara kwa mara.

"Kila asubuhi," mama alisema. "Ananiamkia. Ananiuliza nimelalaje. Wewe mara ya mwisho kuniuliza nimelalaje ilikuwa lini?"

Fundi aliichukua ile simu, akasema anakwenda kuichaji, akatoka nayo uani.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na kamba ya nguo, akasikiliza ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa kwanza kabisa. Ule wa kwanza haukuwa na ubaya. Mwanamke mgeni alikuwa amenunua mchoro na faili lilikataa kufunguka, akaomba msaada. Namba aliyoitumia ilikuwa ya mama, iliyosahaulika kwenye ukurasa wa duka tangu enzi mama alipokuwa akipokea wateja mwenyewe, kabla kumbukumbu haijaanza kumtoroka.

Mama alikuwa amemjibu: "Kipusa? Mbona ulinyamaza hivyo, mwanangu? Nimekungoja mpaka nimechoka."

Mtu mwenye haya angesema hapo hapo, samahani mama, umekosea mtu. Yule mwanamke hakujibu siku ile. Alijibu kesho yake. Maana yake alilala nalo, akaligeuza, akalipima, akaamka nalo.

"Shikamoo mama," alisema. "Nilikuwa na shughuli."

Baada ya hapo michoro ilianza kutoka. Na sasa nisikilize vizuri, wewe uliyeniandikia ukamwita mama huyu mzembe, maana aliyefungua mlango ni Fundi mwenyewe, na aliufungua kwa upendo. Daktari alimwambia kwamba mtu anayesahau azungukwe na vitu vya mikono yake. Fundi akataka mama awe na ndege wake wote kwenye simu, awatazame akiamka. Angeweza kumwekea picha tu. Lakini alikuwa na haraka, kabrasha la kazi lilikuwa tayari kwenye kompyuta, akaliunganisha zima zima na simu ya mama. Mafaili yenyewe, yale yanayouzwa. Kisha akakaa naye mchana mzima akimfundisha kumtumia mtu ndege. Bonyeza hapa, mama. Sasa bonyeza mshale. Umeona? Safi kabisa.

Mama husahau kama amekula. Mshale hakuusahau.

Fundi alipoingia chumba cha kazi, Mama Pacha alizima mashine, akasikiliza habari yote bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akamgeukia.

"Wiki nzima unanitazama kama nimemeza mkasi wako, kumbe mwizi unamfulia mashuka."

Akauona uso wa Fundi. Akarudi nyuma. Alisema mdomo wake huo siku moja utamzika, akamsogezea kiti.

Jioni ile Fundi alijaribu kumweleza mama. Hakumgusia kaburi, hilo hakulithubutu. Alimweleza kuhusu wizi tu. Mama alicheka, si kwa dharau, kwa mshangao. Alisema zamani mwanamke akipata ua jipya la kudarizi aliliweka mezani, wenzake wakaja na karatasi ya kaboni, wakanakili huku wakipiga soga, na aliyekataa kunakiliwa alionekana mchoyo kupita anayemnyima jirani moto. Yeye mwenyewe ndivyo alivyopata ndege wake wa kwanza.

"Nikimpa, wangu si anabaki?" mama aliuliza. "Na huyu hata si jirani. Huyu nimemzaa."

Fundi akarudi kwenye kompyuta, akafungua Ua Jekundu ili kujua madhara yamefika wapi. Juu kabisa, kwenye picha kubwa ya duka, alikuwepo ndege wa mwisho.

Ndege huyo Fundi hakuwahi kumuuza. Mama alimchora wakati mkono wake ulipoanza kusahau njia. Bawa moja lilikuwa limejaa manyoya, moja moja, kila unyoya na mshipa wake. Bawa la pili lilikuwa mstari tu. Mama aliishia hapo, akaweka penseli chini, na hakuchora tena. Fundi alimgeuza faili hivyo hivyo, nusu, akamhifadhi kama watu wanavyohifadhi picha ya harusi.

Sasa bawa la pili lilikuwa limejazwa. Mtu alikuwa amelimalizia, manyoya yamepangwa kama vigae vya paa, sawasawa, bila mshipa hata mmoja. Fundi alikuwa amevumilia wizi wa ndege wote wale bila chozi. Kwa bawa lile alilia mpaka Mama Pacha, aliyekuwa anafunga mizigo aende kwake, akaweka mizigo chini.

Wakili alimpokea Fundi asubuhi. Walisoma darasa moja, na ofisi yake iko juu ya duka la dawa, chumba kimoja chenye feni inayolalamika na viti visivyofanana. Hakupoteza muda. Ua Jekundu walikuwa wamejibu malalamiko aliyowapelekea wiki ile kwa niaba ya Fundi. Wenye soko la mtandaoni, lenye maduka yote mawili, wametumiwa ushahidi wa Ua Jekundu, na wameupokea.

Akabonyeza kompyuta yake. Chumba kikajaa sauti ya mama.

"Chukua, mwanangu. Chukua wote. Shona, uza, gawa. Ni wako."

Fundi alisema hiyo haina uzito, ana uthibitisho wake. Kila anayetengeneza mafaili ya kudarizi huliweka jicho la ndege mwisho, lishonwe juu ya manyoya, lisizame. Mama yake, katika kuchora, alifanya kinyume. Alianza na jicho, halafu manyoya yote yakalizunguka kwa kuliachia nafasi, na Fundi kila faili hulipanga hivyo hivyo ingawa kazi inakuwa mara mbili. Mwizi alibadilisha rangi, akageuza shingo, akafuta jina. Lakini Fundi alinunua ndege mmoja wa Ua Jekundu, akamweka kwenye mashine, na sindano ikaanza na jicho.

"Najua," Wakili alisema. "Niliwatumia ule mkanda wa mashine ikishona. Wamekubali kabisa kwamba ni kazi ya mama yako."

"Sasa?"

"Sasa wewe umethibitisha michoro ni ya mama, na mama ndiye aliyeitoa. Umewasaidia, shoga yangu. Na mimi nimekusaidia kuwasaidia."

Feni ililalamika kidogo. Kisha Wakili akasema kuna njia moja, na kwamba Fundi hataipenda.

"Useme mama hana akili timamu. Uweke sahihi yako, daktari aweke yake. Ruhusa ya mtu asiyejitambua si ruhusa. Duka litafungwa."

"Mama anamkumbuka kila ndege aliyemchora."

"Na anaongea na marehemu," Wakili alisema, tena kwa upole.

Fundi hakuweka sahihi. Alishuka ngazi, akasimama kwenye kivuli cha duka la dawa, akapiga ile namba. Ilipokelewa mara moja. Yule mwanamke alidhani ni mteja, akawa mchangamfu. Fundi alipojitaja, uchangamfu ukaisha. Alijitetea haraka, kwa maneno yaliyoonekana kuwa tayari: hakuvunja nyumba ya mtu, hakuingia kwenye kompyuta ya mtu, alipewa.

"Ulipewa ukiwa nani?" Fundi aliuliza.

Yule mwanamke alirudia kwamba alipewa.

"Ulijua kwamba amekufa?"

"Nilijua," yule mwanamke alisema. "Mama aliniambia mwenyewe. Siku ile akili ilikuwa imemrudia, akanieleza alivyokufa, akalia sana. Kesho yake akaniita Kipusa tena."

"Ukaitika."

"Nikaitika. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?"

Fundi alisema asingemwibia. Yule mwanamke akavuta pumzi, na aliposema tena sauti haikuwa ya kubembeleza. Alisema humpigia mama kila siku, hata siku ambazo hana cha kutumiwa. Anajua goti lipi linamuuma. Anajua upande anaolalia na kwa nini. Akamuuliza Fundi kama yeye anajua. Lilikuwa swali lile lile la mama, safari hii kutoka kwa mtu aliyemwibia.

"Ukinifungia duka nakuja," yule mwanamke alimaliza. "Atasema kwa mdomo wake kwamba alinipa. Njia amenielekeza, mpaka rangi ya mlango."

Fundi alikata simu, akapanda ngazi, akaweka sahihi.

Najua wengi mlikuwa mnaingojea siku hii, na ilifika. Daktari aliandika yake, Wakili akatuma, na Ua Jekundu likafungwa. Mtu akilitafuta hapati kitu. Ndege wote walirudi kwa mwenyewe, na wateja wa kwanza wakaanza kurudi. Fundi aliifungia ile namba isiweze tena kupiga wala kutuma chochote kwenye simu ya mama. Hiyo ndiyo furaha yote iliyokuwemo, nimeisema, imekwisha.

Asubuhi iliyofuata mama alioga mapema, akavaa gauni lake la kutokea, akakaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani. Chai ikapoa. Fundi aliingia, akamwamkia, akamuuliza amelalaje. Mama alijibu amelala vizuri, macho yakiwa kwenye simu.

Ikawa hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Chakula alikisogeza pembeni. Goti lilimvimba, Fundi akajua hatimaye kuwa ni la kushoto. Mama alianza kuuliza amemkosea nini mtoto. Pengine alimjibu kwa ukali? Pengine yule ndege wa mwisho hakumpendeza? Fundi akasema mtandao unasumbua. Mama akamtazama kwa jicho lile la zamani, la kumtambua mtoto aliyevunja kikombe.

"Mtandao unamsumbua Kipusa peke yake?"

Mama Pacha hakuwa na subira na mambo hayo. Alisema ukweli huuma mara moja tu, amwambie mama mtoto amekufa, walie, wapone.

"Nikimwambia leo atalia leo," Fundi alijibu. "Kesho atakuwa amesahau, atauliza, nimwambie tena. Unataka nimzike mdogo wangu kila siku?"

Mama Pacha akaendelea kukata uzi. Baada ya muda aliweka mkasi chini, akatoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani mbele ya Fundi. Namba ya Fundi, kwenye simu ya mama, inaonyesha jina na picha yake. Namba ya Mama Pacha haimo.

Mama Pacha alikwenda kuzima mashine zote mbili, halafu akafunga dirisha la upande wa uani. Chumba cha mama kiko ng'ambo ya ua huo, mlango wake mwingine unatazama barabarani. Kutoka alipokaa, Fundi aliweza kuliona pazia lake kupitia kioo. Alipiga. Aliisikia simu ikiita mahali pawili, sikioni na huko ng'ambo.

"Kipusa?"

Fundi alikumbuka vile Kipusa alivyokuwa akivuta maneno, kama mtu anayejinyoosha kitandani. Akayavuta.

"Shikamoo mama. Nilikuwa na shughuli."

Ng'ambo ya ua, mama alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akamgombeza. Alimgombeza vizuri sana. Mama Pacha alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Fundi aliuliza goti linaendeleaje. Aliuliza kama amekunywa chai. Mama akasema ataiomba sasa hivi, maana njaa imemjia ghafla. Halafu akashusha sauti.

"Dada yako yuko karibu?"

"Hayuko, mama."

"Vizuri. Yule ndege niliyekutumia mwisho, usimguse bawa. Umenisikia? Watu wanadhani lilinishinda. Halikunishinda. Niliona kichwa changu kinaondoka, nikasema bawa moja langu, moja la dada yako. Nimemwachia alimalizie yeye, kwa mkono wake. Yeye anafikiri kazi yake ni kompyuta tu, lakini ana mkono kuliko mimi. Ila mkaidi, ukimwambia chora hachori. Nikasema akiona pengo litamuuma, atachukua penseli. Namngoja. Bado hajachukua."

Fundi alibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu kama Fundi, na hakuweza, kwa sababu Fundi hakuwepo kwenye mazungumzo hayo.

"Nitamwambia, mama," alisema, na sauti ya Kipusa ikamponyoka katikati.

"Usimwambie. Mwache aone." Kwa mbali pakagongwa. "Subiri, mwanangu. Kuna mtu anabisha hodi huku barabarani."

Fundi alisikia magoti yakilalamika, kandambili zikikokota sakafuni, komeo likivutwa. Akaona pazia la ng'ambo likipepea kwa upepo wa mlango uliofunguliwa. Na kwenye simu, kwa mbali lakini wazi, akaisikia sauti anayoijua, laini, ya kubembeleza.

"Shikamoo mama. Mimi Kipusa. Nimekuja mwenyewe."

Mama Pacha aligeuka kutoka ukutani. Fundi alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, simu bado iko sikioni. Kisha mama akaongea, si kwa mgeni, kwenye simu, na sauti yake ilikuwa safi, imenyooka, kama ya miaka ile kabla ya yote.

"Huyu aliyesimama hapa anasema yeye ndiye Kipusa. Sasa wewe uliyeniamkia ni nani?"